Usalama kazini: nani analipa, mwenye leseni, mwenye duara au mwenye mashine?

Na Mwandishi Wetu, Kahama

Wiki hii tunaziacha kidogo bei za mchele, dengu na choroko, ili tuingie katika jambo ambalo wafanyabiashara wengi wa Nyasubi na mitaa mingine ya Kahama hulitaja kwa neno moja tu, "OSHA", kana kwamba ni jina la mtu anayekuja kudai deni. OSHA ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ulioanzishwa mwaka 2001. Nguvu zake zinatoka katika Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003. Mwenye mashine ya kukoboa, mwenye gereji, mwenye karasha na mwenye kuweka fedha katika duara la dhahabu wote wamo ndani ya sheria hiyo, wajue wasijue.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini habari hii iwekwe katika ukurasa wa soko. Sababu ni bei. Katikati ya mwaka 1999 wakia moja ya dhahabu iliuzwa katika soko la dunia kwa chini kidogo ya dola 260 za Marekani. Oktoba 2025 wakia hiyo hiyo ilipita dola 4,000. Bei ikipanda hivyo, mawe yaliyokuwa yakitupwa yanakuwa na faida, mashimo ya zamani yanafunguliwa upya, maduara yanashuka chini zaidi, na fedha za watu wa mjini, ambao hawajawahi kushuka hata hatua kumi kwa kamba, zinaingia mgodini. Fedha hizo hukaa juu ya miti ya kushikilia ukuta, pampu ya maji na mpira wa hewa. Kimoja kati ya hivyo kikishindwa, watu hufa. Kisha duara hufungwa na mtaji hubaki chini.

Sheria inamgusa nani

Sheria iliyotangulia ilikuwa ya mkoloni, Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, Sura ya 297. Ilitazama viwanda kama jina lake lilivyo. Mwenye duka, mwenye shamba na mwenye ofisi hawakuhusika nayo sana. Sheria ya 2003 iliifuta na kupanua uwanja: sasa neno ni "mahali pa kazi", na mahali pa kazi ni popote mtu anapofanya kazi kwa ajili ya mwingine. Hapo wamo mashine tano za mpunga zilizopangana barabarani, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye vijana watatu, kiwanda cha mbao, kituo cha mafuta, mwalo wa kuoshea dhahabu na karasha la kusaga mawe.

Kwa ufupi, sheria inamtaka mwajiri asajili mahali pake pa kazi, atambue hatari zilizopo na kuzipunguza, afunike mikanda na meno ya mashine, atoe vifaa vya kujikinga, apime afya za wafanyakazi, aweke sanduku la huduma ya kwanza, maji safi na choo, na atoe taarifa ajali ikitokea. Vifaa vya kujikinga ni juu ya mwajiri, wala havikatwi katika mshahara. Hili la mwisho linasahauliwa mno. Wako wanaowauzia vijana wao glavu na viatu kwa mkopo, na huo si utaratibu wa sheria.

Mkaguzi akikuta kasoro anaweza kukupa hati ya kukutaka urekebishe ndani ya muda fulani. Akiona hatari iko karibu, anaweza kuzuia kazi pale pale. Kwa mfanyabiashara mdogo hati hii ya pili ndiyo ghali kuliko faini. Mashine ya mpunga ikisimamishwa wiki mbili wakati wa mavuno, wateja wanahamia kwa jirani, na wengine hawarudi.

Ada zilizofutwa na zilizobaki

Kwa miaka mingi malalamiko ya wafanyabiashara wadogo yalihusu ada kuliko usalama wenyewe. Palikuwa na ada ya fomu, ada ya usajili, ada ya leseni ya kukidhi matakwa ya sheria kila mwaka, na hata ada ya kupewa ushauri. Mtu mwenye mashine moja alipiga hesabu, akaona ni nafuu ajifiche. Kibao akakiondoa, na mlango wa mbele ukawa haufunguliwi siku za kazi za Serikali. Sheria iliyokusudiwa kuwaleta watu kwenye ukaguzi ikawa inawakimbiza.

Mwaka 2018 Serikali ilipitisha mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, ule unaojulikana zaidi kwa jina la Blueprint. Kuanzia bajeti ya 2018/19 ada kadhaa za OSHA zilifutwa, zikiwamo za fomu ya usajili, za usajili wenyewe, za leseni ya kukidhi na za ushauri. Zilizobaki ni gharama za huduma zinazofanyika kweli: ukaguzi wa kitaalamu wa mifumo ya umeme, matangi ya hewa yenye mgandamizo, mitambo ya kunyanyulia mizigo, upimaji wa afya na mafunzo.

Kwa maoni ya ukurasa huu, badiliko hilo lilikuwa na uzito kuliko semina nyingi zilizofanyika kabla yake. Usajili ukiwa bure, sababu ya kujificha inapungua. Bado wako wengi Kahama wanaofanya biashara kwa hofu ya ada isiyokuwapo tena, na wako vishoka wanaotumia hofu hiyo kuchukua fedha za watu kwa kuahidi "kumaliza mambo". Anayetakiwa kulipa na adai namba ya malipo ya Serikali, alipe kupitia benki au simu. Asiyekuwa na namba hiyo hana haki ya kupokea kitu.

Linalobaki kuwa kero ni idadi ya ofisi. Mwenye mashine ya kukoboa anaweza kuonana na OSHA, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, NEMC kwa ajili ya mazingira, TBS na afya wa manispaa. Mwenye mtambo wa kuchenjua marudio kwa sayanaidi anaongeza Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya sheria ya kemikali ya mwaka 2003, na Tume ya Madini. Mwaka 2019 mambo ya chakula yaliyokuwa chini ya TFDA yalihamishiwa TBS, na hiyo ni ofisi moja iliyopungua. Nyingine bado zinakuja kila moja kwa siku yake.

Wenzetu wa Kenya hawana nafuu kubwa katika hili. Sheria yao ya usalama kazini ni ya mwaka 2007, na pamoja nayo ikaja sheria ya fidia ya mwaka huo huo. Kamati ya usalama kule inatakiwa pale wafanyakazi wanapofika 20. Mfanyabiashara wa Kahama anayefikiri kuhamisha karasha lake Migori ili akwepe usumbufu ataukuta ukimsubiri huko.

Hesabu ya fidia

Watu wengi huchanganya OSHA na WCF. OSHA inahusika na kuzuia ajali. WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, inahusika na kulipa ajali au ugonjwa wa kazi ukishatokea. Mfuko huo unatokana na Sheria Na. 20 ya mwaka 2008, na ulianza kupokea michango Julai 2015.

Ili msomaji aone tofauti, akumbuke hali iliyokuwapo kabla. Chini ya sheria ya zamani ya fidia, kiwango cha juu kwa mfanyakazi aliyekufa kazini kilikuwa Sh. 83,000, na kwa aliyepata ulemavu kamili wa kudumu Sh. 108,000. Viwango hivyo viliachwa pale pale huku shilingi ikishuka mwaka hadi mwaka, mpaka fidia ya maisha ya mtu ikawa haitoshi kununua baiskeli nzuri. Matokeo yake familia za marehemu zilimfuata mwajiri nyumbani, wazee wa ukoo wakakaa kikao, na mwajiri akalipa ng'ombe au fedha kadiri ya alivyobanwa. Wasukuma wengi wenye maduara wanaijua njia hiyo, na wanajua kwamba haina risiti wala mwisho.

Mchango wa mwajiri binafsi katika WCF ulianza na asilimia 1 ya malipo ya wafanyakazi. Julai 2021 ulishushwa hadi asilimia 0.6, na Julai 2022 hadi asilimia 0.5, sawa na sekta ya umma. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mwenye mashine ya mpunga ana wafanyakazi sita, kila mmoja analipwa Sh. 300,000 kwa mwezi. Jumla ya mishahara ni Sh. 1,800,000. Kwa asilimia 1 alikuwa akitoa Sh. 18,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 0.5 ni Sh. 9,000, yaani Sh. 108,000 kwa mwaka mzima kwa watu wote sita. Kwa bahati kiasi hicho ndicho kile kile ambacho sheria ya zamani ilitaja kwa mtu mmoja aliyelemaa maisha.

Kwa mchango huo Mfuko unabeba matibabu, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, malipo kwa wategemezi wa marehemu, gharama za mazishi, malipo ya mtu wa kumhudumia aliyelemaa kabisa, na mafunzo ya kumrudisha kazini anayeweza kurudi. Mchango unatoka kwa mwajiri peke yake, wala mfanyakazi hakatwi. Mkanda wa mashine ukimkata kijana mkono Jumatatu asubuhi, mwenye mashine aliyechangia ana mahali pa kupeleka madai. Asiyechangia anauza mashine.

Mchimbaji wa mgao ni mfanyakazi?

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, na hapa ndipo fedha nyingi za wasomaji wetu zilipo.

Katika mashine ya mpunga mwajiri anajulikana. Katika duara mambo ni mengine. Yuko mwenye leseni ndogo ya uchimbaji, ile ya Watanzania peke yao. Chini yake yuko mwenye duara, ambaye amepewa sehemu achimbe. Pembeni yuko mfadhili, mara nyingi mfanyabiashara wa mjini, anayetoa fedha za chakula, miti, baruti, mafuta na kukodi kompresa. Chini kabisa wako wachimbaji, ambao mahali pengi hawana mshahara: wanakula kwa mfadhili, na mawe yakitoka wanapata mgao wa mifuko baada ya gharama kutolewa. Viwango vya mgao hutofautiana kutoka eneo hadi eneo, na hata kutoka duara hadi duara.

Muulize yeyote kati ya watatu wa juu nani mwajiri, atamwonyesha mwenzake. Mfadhili atasema yeye ametoa fedha tu. Mwenye duara atasema wale ni washirika wake. Mwenye leseni atasema hajui hata majina yao.

Sheria haiwapi nafasi kubwa ya kurushiana mpira namna hiyo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia kazi mwingine atachukuliwa kuwa mfanyakazi ikiwa jambo lolote kati ya kadhaa linathibitika, hata mkataba ukiitwa kwa jina gani. Miongoni mwa mambo hayo: kwamba namna anavyofanya kazi au saa zake zinasimamiwa na mwingine, kwamba amefanya kazi kwa huyo mwingine wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba anamtegemea huyo kwa riziki yake, kwamba anapewa vifaa vya kazi na huyo, au kwamba anafanya kazi kwa mtu huyo mmoja tu. Ni dhana ambayo mwajiri anaweza kuipinga kwa ushahidi, lakini mzigo wa kuipinga ni wake.

Sasa mfadhili ajipime. Umenunua nyundo, tindo, kofia na tochi. Umemweka msimamizi anayeita majina kila zamu. Vijana wanalala katika kambi yako na kula ugali wako, na hawaruhusiwi kwenda duara lingine mpaka mzunguko uishe. Katika hali hiyo neno "mshirika" lina nguvu ndogo. Linaweza kuwa kweli kwa kikundi cha watu waliochanga wenyewe na kugawana sawa, lakini kwa mpango wa matajiri wengi wa maduara halisimami.

Kwa upande wa madini kuna kamba nyingine. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ina kanuni zake za usalama, afya na mazingira za mwaka huo huo, na mtu anayeulizwa kwanza ni mwenye haki ya madini, yaani mwenye leseni. Ndiyo sababu mwenye leseni mwenye akili hukataa kukaa tu kusubiri mifuko yake. Duara moja likiua, eneo lote linaweza kusimamishwa, na maduara mengine thelathini yaliyokuwa salama yanakaa bila kazi pamoja na wafadhili wake.

Duara lenyewe

Hatari ya duara hutoka sehemu nne: ukuta, maji, hewa na baruti. Ukuta hushikiliwa na matimba, yaani magogo yanayopangwa kuzunguka shimo, na ndani ya matundu ya pembeni kwenye udongo laini. Mti ni gharama inayoonekana, kwa hiyo ndio wa kwanza kupunguzwa mfadhili anapoanza kuchoka kutoa fedha. Msimamizi huambiwa aongeze nafasi kati ya tabaka na tabaka. Kwa wiki kadhaa hakuna kinachotokea, na kila mtu anaona ameokoa fedha.

Aprili 2015, katika mvua kubwa, wachimbaji 19 walikufa Kalole, wilayani Kahama, shimo lilipowafunika. Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, kifusi kiliwafungia wachimbaji ardhini Nyangalata, na watano walitolewa wakiwa hai katikati ya Novemba baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa kula mizizi na wadudu na kunywa maji yaliyodondoka. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Huku kwetu watu waliisimulia kama muujiza, na ilikuwa muujiza kweli. Lakini mfanyabiashara anapaswa kuitazama pia kwa upande wa pili: kwa siku 41 watu walikuwa chini na njia ya pili ya kutokea haikuwapo.

Januari 2017, mkoani Geita, wachimbaji 15 walinaswa katika mgodi wa RZ, wakatolewa wote wakiwa hai baada ya siku chache. Januari 2024 zaidi ya watu 20 walikufa Ng'alita, Bariadi, mkoani Simiyu, udongo ulipoporomoka. Tarehe 11 Agosti 2025 watu 25 walifukiwa Nyandolwa, wilaya ya Shinyanga, na kazi ya kuwatafuta ilichukua wiki.

Tazama miezi hiyo. Kalole na Ng'alita ni wakati wa mvua, ambazo huku kwetu hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Udongo uliolowa ni mzito, na maji yanayochuruzika nyuma ya matimba husukuma miti kutoka nyuma. Lakini Nyandolwa ilikuwa kiangazi, na anayedhani kwamba hatari inaisha mvua zikikatika anajidanganya. Duara lililochimbwa pembeni mwa duara jingine, bila ramani ya matundu ya chini, lina ukuta mwembamba hata jua likiwaka.

Kuhusu hewa, kosa la kawaida ni kuitegemea kompresa moja kwa kazi mbili, kuchoronga mwamba na kuwapa watu pumzi. Ikizimika, vyote viwili vinakufa pamoja. Kosa baya zaidi ni kushusha pampu ya petroli chini ya shimo. Moshi wake haunuki sana kwa aliyeuzoea, na mtu hulala usingizi asiamke. Anayeshuka kumwokoa humfuata. Pampu ya umeme na jenereta iliyokaa juu, mbali na mdomo wa duara, ni ghali kwa kuanzia, lakini hiyo ndiyo njia inayofaa.

Tangi la hewa la kompresa nalo ni miongoni mwa vyombo vinavyotakiwa kukaguliwa na mtaalamu. Mengi yaliyopo katika ukanda wetu yamenunuliwa yakiwa yameshatumika, yamechomelewa mara mbili tatu, na hakuna anayejua kutu imekula kiasi gani ndani. Gereji za mjini zinazojaza matairi ya malori zina matangi ya aina hiyo hiyo, na hapo hatari ipo katikati ya watu.

Karasha, vumbi na zebaki

Mawe yakishatoka, hatari inahamia juu, na mara nyingi inahamia kwa wanawake na vijana wanaoponda, kusaga na kuchekecha. Mawe ya dhahabu ya ukanda huu yamejaa kwatzi. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Linaleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba, na hufungua mlango wa kifua kikuu. Haumshiki mtu siku moja, na hilo ndilo linalowafanya wenye makarasha waudharau: kijana anaondoka akiwa mzima, anaugua miaka mingi baadaye akiwa kijijini kwao.

Kitambaa cha kufunika mdomo hakizuii vumbi hilo laini. Kinachosaidia ni maji, yaani kusaga mawe yakiwa mabichi na kumwagilia sehemu ya kuponda. Zamani jibu la Kahama lilikuwa kwamba maji hayapo, na lilikuwa jibu la kweli. Tangu mradi wa maji ya Ziwa Victoria ulipofika Shinyanga na Kahama mwishoni mwa miaka ya 2000, wenye karasha mjini hawana tena sababu hiyo, ingawa wa machimboni mbali na bomba bado wanayo.

Zebaki haihitaji maneno mengi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, mkataba unaotaka matumizi yake katika uchimbaji mdogo yapunguzwe na, inapowezekana, yaondolewe. Anayechoma amalgamu katika kikaango jikoni anavuta mvuke wake yeye na watoto wake. Ritoti, chombo cha chuma kilichofunikwa chenye bomba la kupozea, kinarudisha sehemu kubwa ya zebaki ndani ya chupa, ikatumika tena. Kwa kuwa zebaki hununuliwa kwa fedha, hiki ni kifaa kimoja cha usalama kinachomrudishia mwenyewe gharama zake bila kumngoja mkaguzi.

Kabla ya kuweka fedha

Msomaji anayetaka kuingia katika duara au kununua hisa katika karasha aanze na karatasi kabla ya kuonyeshwa mawe. Namba ya leseni ya madini na jina la mwenye leseni viwe vinalingana na anayekupa eneo. Ofisi ya madini inaweza kuthibitisha. Uliza kama mahali pamesajiliwa OSHA, na kama wachimbaji wameandikishwa WCF kwa jina la nani. Jibu la swali hilo la pili ndilo linalokuonyesha mwajiri ni nani, pengine kwa mara ya kwanza.

Mkataba uandikwe, na ndani yake matimba, hewa na kutoa maji visiwekwe katika fungu moja na ugali na sukari. Mahali pengi gharama zote hutolewa pamoja kabla ya mgao, kwa hiyo kila anayesubiri mgao ana hamu ya kuona gharama zikipungua, na mti ndio hupungua. Fungu la usalama likitengwa na kuandikwa kiwango chake kwa kila mita ya kushuka, hakuna wa kuling'ata. Wenye leseni wachache wameanza kulidai kwa wenye maduara kabla ya kuwaruhusu kuanza, na wafadhili wao hawajawakimbia.

Kisha shuka mwenyewe, au mtume unayemwamini na asiyelipwa na mwenye duara. Atazame kama miti ni mibichi au imeoza, kama kuna njia ya pili ya kutoka, kama majina ya walioshuka yameandikwa juu, na baruti imelala wapi usiku. Mwenye duara akikataa mgeni asishuke kwa kusema kuna mashetani ya dhahabu yatakasirika, weka fedha zako katika mpunga.

Waliokwisha kuingia wana kazi ya kufanya kabla ya Novemba: kubadilisha matimba ya juu yanayopokea maji ya mvua kwanza, kuinua mdomo wa duara kwa udongo na mifuko ili maji ya uwanjani yasimiminike ndani, na kuhakikisha pampu ya akiba inawaka. Ununuzi wa miti kwa msimu wa mvua ni vizuri ufanyike wakati barabara za machimboni zingali kavu, kwa kuwa lori likishakwama njiani bei ya gogo inategemea huruma ya mwenye lori.